Sufuria ya Kiatu na Picha Niliyoituma kwa Grupe

Ulikuwa mwaka ule tuliokula lengalenga, huo mchicha wetu, asubuhi na jioni mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kututazama kwa wivu. Sukari ilitafutwa kama mtu aliyepotea, chai tuliinywa kavu huku tukiuma ndizi mbivu ili ulimi udanganyike, na aliyepika wali siku isiyo ya harusi aliulizwa nani amekufa. Mwaka huohuo ziwa lilipanda, mvua ikaja juu yake, Buterere, mtaa wa bondeni hapa Bujumbura, ikaingia majini, na mwaka huohuo mi, Bibi Zena wa Jabe, mwanamke ambaye hajawahi kuomba hata kibiriti kwa jirani, niliaibika mbele ya Shehe, mbele ya Hadji, mbele ya mtaa mzima na kuku wangu mwenyewe. Anayetaka kucheka aanze sasa hivi asinisubiri, maana nikifika katikati nitacheka naye, lakini mwisho sitacheka.

Shule sikukaa. Nilijifunza kusoma Kurani, kuandika jina langu na kuhesabu samaki, basi, nikaingia sokoni kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pamoja na Sada, mwenzangu tangu tuna meno ya utoto. Mi nilijenga Jabe, yeye akapata kiwanja Buterere kwa kuwa bei ya kule ilikuwa ya watu kama sisi (na maji nayo ni mtu wa pale, anakwenda na kurudi). Mwaka ule maji yalirudi na hayakwenda. Sada na wajukuu wake walikuwa wanalala juu ya meza, juu ya mlango uliong'olewa, popote pakavu.

Sasa mtaani kwetu tuna ukumbi wa madrasa, mpya, umejengwa kwa michango, una karo sakafuni, vile vigae vinavyong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Ukawa mtupu wakati wa likizo. Ikaletwa hoja kwenye grupe ya mtaa, ile ya kwenye telefoni tuliyomo wote: tuufungulie watu wa Buterere au tusiufungue? Funguo ilikuwa kwa Hadji, muuza vitambaa, mwenye kamati. Hadji si mtu mbaya, isipokuwa anapenda karo kuliko wanawe. Akasema: "Wataleta tope. Na wakiingia hawatoki." Shehe akasema tujadiliane kwa adabu, yeye atatoa uamuzi Ijumaa baada ya swala.

Mjukuu wangu Nuru, ambaye nimemsomesha kwa ndagala mpaka chuo kikuu (na nitalisema hili popote hata kama hamkuniuliza), alikuwa anakwenda Buterere na vijana wenzake kuhesabu nyumba zilizozama. Akaandika kwenye grupe mesaji ndefu kama mkeka. Nyumba ngapi, watoto ngapi, wanaoharisha ngapi, asilimia hii, asilimia ile. Mi mwenyewe nilisikia usingizi. Watu wakajibu kwa kidole gumba, mmoja akauliza nani anauza mkaa, mambo yakaisha. Hadji naye akaleta namba zake, gharama ya karo, gharama ya rangi, gharama ya choo, na namba za huku zikawa zinapigana na namba za kule kama majogoo, sisi tumekaa pembeni tunaangalia manyoya.

Halafu Hadji akatuma picha. Moja tu. Ukuta wa ukumbi fulani, sijui wa wapi, umechorwa mkaa, umepasuka, mlango umelala chini. Hapo grupe ikaamka! "Yoo!" "Kweli Hadji!" "Ukumbi wetu usifanywe hivyo!" Nuru akaandika kwamba ukuta mmoja hauonyeshi kitu, nani aliuharibu, lini, na kumbi ngapi zilifunguliwa zikabaki nzima? Hakuna aliyemjibu. Aliingia jikoni macho mekundu.

Nikamwambia, "We mutoto, namba inapita sikioni, picha inaingia tumboni. Watilie picha."

"Bibi, picha inaonyesha mutu mumoja. Namba inaonyesha wote."

"Wote ni nani? Mi sijawahi kumuona Wote akipita hapa Jabe."

"Ndiyo vile! Hamumuoni kwa sababu munangojea picha!" Akabeba mfuko wake akaenda Buterere kuhesabu tena.

Basi mi nikampigia Sada. Nikamwambia mwenzangu, jipige picha hapohapo mulipo, na wajukuu, na hiyo meza, unitumie, kesho mnalala pakavu. Akasema polepole, bila hasira: "Apana. Sura yangu si bakuli ya kuombea. Mwenye kutaka kuniona ana miguu, aje."

Nikakasirika. Nikasema moyoni, maji yamemfika tumboni na bado ana kiburi! (Mi wa kusema hivyo, eti!) Na hapo ndipo lilipokuja lile wazo dogo, dogo kama punje ya mtama, ambalo laiti ningelitema.

Nilisema, Sada hataki kuonekana, sawa. Lakini mwanamke aliyefunikwa uso ni mwanamke yeyote. Nikamwita jirani yangu Mwamini, bibi kama mimi ila yeye ana magoti mazima. Nyuma ya nyumba, karibu na robine, bomba la maji tunapofulia, kuna dimbwi lisilokauka mwaka mzima. Nikavaa kitenge kile cha kupigia deki, nikajifunika kichwa na uso, nikakaa juu ya kibao katikati ya dimbwi, miguu ndani ya maji. Mwamini akashika telefoni yangu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

"Zena, huzuni iko wapi?"

"Uso umefunikwa, huzuni niiweke wapi?"

"Uiweke mugongoni! Huo mugongo ni wa mutu ameshiba."

Nikainama. Akapiga, ikatoka picha ya kidole chake. Akapiga tena, ikatoka jogoo. Akasema bado, inakosa njaa, tafuta kitu cha njaa. Kwa haraka nikanyoosha mkono nikachukua sufuria iliyokuwa imeanikwa pale, kubwa, tupu, nikaipakata kama mtoto. Mwamini akaguna. "Yoo! Hapo hata mi nalia." Akapiga.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu hiyo sufuria. Sisi wamama wa Jabe masufuria makubwa tunaazimana, harusi hii, matanga yale, maulidi pale, na ili yasipoteane kila mmoja anatia alama yake kwa rangi ubavuni. Wengine wametia mwezi, wengine herufi. Mi kwa kuwa niliuza samaki nilichora samaki wa buluu, lakini mkono wangu haukuwa wa kuchora, na tangu siku hiyo mtaa mzima unaiita "sufuria ya kiatu". Hakuna Mwislamu wa Bujumbura aliyeolewa miaka hii bila kula pilau ya sufuria ya kiatu. Imevuka ziwa hadi Kigoma ikapika harusi ya mpwa wangu ikarudi. Na mi nilifunika uso, nikafunika mikono, nikafunika hata kidole chenye pete, halafu nikakipakata kiatu kikielekea mbele.

Sikukiona. Niliandika neno moja, BUTERERE (nililinakili kwenye mesaji ya Nuru, herufi kwa herufi), nikatuma.

Loo! Ilikuwa kama nimetupa pweza kwa paka, ingawa ziwani kwetu hatuna pweza. Watu walilia. Wanaume wazima walituma vile vichwa vya manjano vinavyotoa machozi. "Mungu atusamehe!" "Huyu ni mama wa mutu!" "Ukumbi ufunguliwe leo!" Nikakaa kwenye saloni yangu, chumba cha wageni, na sahani ya ndagala na bugali, nikila na kusikiliza sauti zao, nikijiona waziri. Mwamini akasema tungeanza kazi hii zamani.

Halafu mmoja akaandika: "Samahani, hii si ni sufuria ya kiatu?"

Bugali ikakwama hapa, kwenye koo.

Wa pili akasema ndiyo. Wa tatu akasema nilikula humo harusini kwangu. Na mnadhani walisema Zena ametudanganya? Ah, bora wangesema! Walisema, "Jamani, ni Bibi Zena mwenyewe! Maji yamemuingilia! Masikini, kwa vile hajazoea kuomba, amefunika uso akaandika Buterere!" Yaani uongo wangu waliuokota wakaupanguza vumbi, wakaufanya unyenyekevu. Kabla sijameza maji ya kusukuma bugali, telefoni ikalia, dada yangu wa Kigoma, picha imeshamfika, analia kwa sauti: "Zena! Unakaa majini na sisi tupo hai? Kwa nini hukusema?" Nikasema ah, si sana. "Si sana namna gani, na sufuria umeipakata!"

Nikakata. Ikaingia sauti ya Hadji. Hadji wa karo! Anapumua kama aliyekimbia: "Bibi Zena, we ni mama yetu. Mi na Shehe tuko njiani na matela ya kulalia na mchele. Usitoke ndani ya maji peke yako, utaanguka."

Mtu mwenye akili angesema hapo: Hadji, rudini, nilikosea. Maneno machache tu. Lakini fikirini, mi niliyekuwa nawacheka wanaopanga foleni ya misaada, niseme nilikaa dimbwini kwa hiari yangu na kitenge cha deki? Ulimi ukakataa. Nikamtazama Mwamini. Mwamini akatazama sakafu yangu, kavu, inang'aa.

Nikasema, "Lete ndoo."

"Zena, usifanye."

"Lete ndoo!"

Tulimwaga. Tulimwaga ndoo juu ya ndoo, kwenye saloni, kwenye zulia langu la harusi, chini ya viti vya velveti, mi nikarusha na udongo kidogo kwa kuwa mafuriko hayaji safi. Mwamini anateleza, anashika pazia, pazia linashuka naye, anasema "Mungu anatuona," mi nasema "Ageuke kidogo." (Astaghfirullah, niliomba msamaha baadaye.) Tulipomaliza maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, sahani yangu ya ndagala inaelea, na ndagala wamerudi kuogelea.

Kitu kimoja hatukukikumbuka. Jua.

Mvua haikuwa imenyesha Jabe tangu juzi. Barabara ilikuwa vumbi, kanivo ya mbele ya nyumba, ule mfereji wa maji ya mvua, ilikuwa kavu watoto wanachezea mpira ndani. Na umati ulipofika, Shehe mbele, Hadji na kanzu yake nyeupe, nyuma yao mchukuzi na matela kichwani, nyuma yake mtaa wote, walisimama mlangoni pangu viatu vimejaa vumbi na kuchungulia ndani kwenye ziwa langu. Kuku wangu alikuwa kizingitini anadonoa udongo mkavu. Akageuka akatazama ndani, akanitazama.

Shehe aliangalia mbingu. Aliangalia kanivo. Aliangalia nyumba ya kulia, kavu, na nyumba ya kushoto, kavu.

"Bibi," akasema kwa adabu, "maji yalipita wapi?"

"Yalipita... juu."

"Mabati ni mazima."

"Basi yalipita chini."

Hadji, mwenye kujua sakafu, akasema, "Lakini hiyo ni simenti." Nuru akafika wakati huo kutoka Buterere, suruali imekunjwa, akapenya watu, akaona ndoo mbili mlangoni bado zinadondosha, akaona pazia, akaniona. Alikaa kizingitini karibu na kuku.

Ningeendelea kudanganya, naapa. Nilikuwa nimeshaanza kusema kuhusu bomba lililopasuka. Lakini watu nyuma walianza kupishana, akapita katikati yao mwanamke, miguu ina tope lililokauka mpaka mapajani, kitenge kimeshikamana na mwili, kifurushi cha plastiki kichwani. Sada. Ametembea kwa miguu kutoka Buterere, kwa kuwa mwaka ule esansi ya magari haikuwepo na basi hazikuwepo.

"Zena," akasema, "nimesikia maji yamekufikia hata weye."

Akashusha kifurushi akakifungua mbele ya Shehe na Hadji na matela. Unga wa muhogo. Umelowa pembeni, katikati mkavu.

"Ndiyo uliobaki," akasema. "Nimeugawa nusu."

Jamani. Mi nimezika mume, nimezika watoto, sikulia mbele za watu. Nilikaa chini kwenye maji yangu ya kumwaga, kwenye zulia langu la harusi, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia: "Nilimwaga mwenyewe. Na picha ni mimi, pale robineni. Hakuna maji hapa. Maji yako kwa huyu."

Mwamini, huyo mshirika wangu, akapasuka kicheko, na mtaa ukacheka mpaka mchukuzi akadondosha matela ndani ya ziwa. Sada peke yake hakucheka, aliinua kifurushi chake kisilowe.

Kicheko kilipokwisha ndipo nilipojua hasa nimefanya nini. Hadji alifuta jasho, akasema, "Muliona? Ndiyo mambo ya picha hayo. Ya Buterere yote ni vilevile. Ukumbi haufunguliwi." Na watu, wale waliokuwa wanalia asubuhi, wakaanza kutikisa kichwa kukubali. Nilisikia baridi kuliko ya maji. Kwa kutaka kumsaidia Sada nilikuwa nimeufunga mlango na kuketi juu ya funguo.

Mmoja wa waliokuja akatoa telefoni haraka. "Apana, Hadji, huyu mama hapa ni wa kweli! Mama, geuka huku na hilo tope, shika unga vizuri, tutume picha ya kweli sasa."

Wote wakamtazama Sada. Hata mi, Mungu anisamehe, nilitamani ageuke. Sada akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Apana," akasema. "Sura yangu si bakuli ya kuombea. Mwenye kutaka kuniona ana miguu, aje." Kisha akaongeza, akimtazama yule wa telefoni, "Mujukuu wangu ataolewa siku moja. Sitaki wakwe wamukute bibi yake kwenye telefoni yao na tope."

Shehe aliitazama miguu ya Sada muda mrefu. Halafu akainama, akavua viatu vyake, akavishika mkononi. "Hadji," akasema, "twende tukaone."

Tukaenda. Mi goti langu halitembei, wakanipandisha taksi ya baiskeli, na Shehe akasema sufuria ije nayo, imeshatangazwa iko Buterere, isifanywe mwongo. Basi nilipita mji mzima nimepakata sufuria ya kiatu mchana kweupe, na njia nzima watu wanapiga kelele, "Bibi, umehama tena?"

Kule sitawaelezea sana. Tuliingia majini. Nuru alisoma namba zake kwenye telefoni, zilezile zilizonitia usingizi, na kila alipotaja kundi la nyumba Sada alinyoosha kidole: hii ni ya Kabura, amelala na homa pale juu, hii ni ya mama wa mapacha, ile iliyoanguka ni ya fundi wa baiskeli. Kabura akatoa mkono dirishani akatusalimu. Namba ikisema na jina likisema, moja baada ya nyingine, hapakuwa na wa kupigana nazo. Nilimuona Wote siku hiyo. Alikuwa amekaa juu ya meza, amevua viatu.

Hadji alitembea maji yakimfika kiunoni, kanzu imefura kama mwavuli. Tulipotoka mahali pakavu aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa Sada. Si Shehe, Sada. Akasema tu, "Karo zinaoshwa."

Walilala pakavu usiku ule. Sufuria ya kiatu ilipika lengalenga na mchele ule wa Hadji uliokuwa wangu, na unga wa Sada nao ukasongwa, nikala nusu niliyogawiwa, sikuthubutu kuikataa. Zulia langu halijanyooka mpaka leo. Nuru ananiambia, "Bibi, unaona namba?" nami namwambia, "Naona, lakini uwe unatia majina," naye siku hizi anatia, tena anaomba ruhusa kwanza.

Kutania hawajaacha. Mtoto akimwaga maji njiani utasikia, "Bibi Zena anangoja wageni." Nacheka. Ila wiki iliyopita walikuja watu wazuri, wamevaa vizuri, wanatengeneza matangazo ya kuchangia watu wa mafuriko, wamesikia habari zangu. Wakaniambia, "Bibi, tunaomba ukae pale robineni kama siku ile, na sufuria, na kitenge kichwani, dakika kidogo tu, inagusa sana." Wakafungua kamera. Niliwapa viti, niliwapa chai (yenye sukari, maana imepatikana), nikawaonyesha njia ya kwenda Buterere. Wakasema wanajua njia, wanachotaka ni picha. Mmoja akaniuliza tena, kwa upole, huku ananilenga.

Nikajifuta mikono kwenye kitenge. Maneno hayakuwa yangu, niliyaazima kwa Sada kama mtu anavyoazima sufuria, nikayarudisha bila kupunguza hata punje:

"Apana. Sura yangu si bakuli ya kuombea. Mwenye kutaka kuniona ana miguu, aje."